Gongo haiachishwi kwa kufuli

Shangazi Nesi anajibu barua zenu kutoka Kigoma

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari za watu wanaoamka mikono inatetemeka mpaka wazimue kwa pombe nyingine. Barua zilizokuja zimezidi hata zile za kisukari, na kisukari ndiyo mada mnayoipenda kuliko zote. Nimechagua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu humo kuna mtu anaweza kufa wiki hii. Wenye barua fupi mnivumilie.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watano, naishi Ujiji. Kijana wangu wa tatu ana miaka 34, ni mvuvi wa dagaa. Zamani alikuwa anakunywa gongo wakati wa mbalamwezi tu, vyombo vinapopumzika. Siku hizi ni kila siku na anaanza alfajiri. Mbalamwezi iliyopita alikunywa mfululizo, giza liliporudi akaingia ziwani hana hata senti ya kunywea. Usiku wa pili akaanguka ndani ya mtumbwi, akakakamaa, povu likamtoka. Wenzake wakasema kapigwa na jini la ziwani. Dua tumesoma. Sasa wajomba zake wamekubaliana wamfungie chumba cha uani siku saba, apewe uji na maji mpaka pombe imtoke. Walishamfungia mara mbili huko nyuma, akatoka mzima lakini akarudia. Safari hii tumfungie siku ngapi ili asirudie? Hospitali naogopa, maana gongo ni haramu kwa dini na kwa serikali.
*Mama Wasiwasi, Ujiji*

Marahaba, mdogo wangu. Msimfungie hata siku moja. Waambie wajomba, kwa heshima zao zote, wakukabidhi huo ufunguo.

Sikiliza kwa nini. Pombe kazi yake ni kuutuliza ubongo. Mtu akinywa kutwa kucha kwa miaka, ubongo nao unajiongezea kasi ili aweze kusimama, kutembea, kuvuta wavu. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni: mmoja akijitoa ghafla, mwenzake anaporomoka na mlango. Ndicho kinachotokea mnapomnyang'anya pombe kwa siku moja. Ile kasi inabaki peke yake bila wa kuizuia.

Na inakuja kwa ratiba. Kati ya saa 6 na 24 tangu anywe mara ya mwisho, mikono inatetemeka, jasho linamtoka hata kama kuna baridi, anatapika, moyo unakwenda mbio, usingizi hakuna. Kifafa cha kukosa pombe mara nyingi hupiga ndani ya siku mbili za kwanza. Sasa hesabu mwenyewe: kijana alikunywa mfululizo, akaingia ziwani mikono mitupu, akaanguka usiku wa pili. Sibishani na dua, endeleeni nayo. Ila jini halina saa, na hiki kilichompata kijana wako kimekuja kwa saa yake kabisa. Alhamdulillahi alianguka ndani ya mtumbwi. Nimewahi kuhudhuria matanga ambayo mtu alianguka nje.

Wengine hawaishii hapo. Siku ya pili kuelekea ya nne mtu anaweza kuanza kuweweseka. Hajui yuko wapi, anaona siafu ukutani, anasikia watu wanamtaja jina, joto linapanda. Nilipokuwa wodini tulimpokea mvuvi katika hali hiyo. Alikuwa ameketi kitandani anavuta shuka, mkono huu, mkono ule, analikunja magotini kwake kwa ustadi kabisa, huku anamfokea mwenzake ambaye hayupo ainue taa juu. Nilipojaribu kumlaza akaniambia, kwa adabu tu, “Mama, utaanguka majini, kaa katikati.” Usiku kucha alivua. Mtu aliyefika hapo asipotibiwa anaweza kufa: moyo unachoka, maji yanamwishia, joto halishuki. Akitibiwa mapema, walio wengi sana wanatoka salama. Yule wangu alitoka, na hakukumbuka hata samaki mmoja.

Sasa mtu wa namna hiyo mmfungie chumba cha uani na sufuria la uji? Nani atamwona usiku wa tatu? Na hapa kwetu kuna balaa la ziada, nalo ni malaria. Mtu ana joto na anaropoka, nyumba nzima inasema malaria imepanda kichwani, anapewa dawa ya mseto bila kipimo huku pombe ndiyo inayomuua. Au kinyume chake: ana malaria kali kweli, watu wanasema mwacheni, pombe hiyo inamtoka. Nimeyaona yote mawili. Ukiwa nyumbani huwezi kuvitofautisha, hata mimi siwezi bila kupima damu.

Unasema walishamfungia mara mbili akatoka mzima. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote uliyoandika. Kila anapokatishwa ghafla, mara inayofuata inaweza kuwa kali zaidi: mara ya kwanza kutetemeka, ya pili kutapika na kukesha, baadaye kifafa. Aliyewahi kupata kifafa cha namna hii mara moja hatakiwi tena kuachishwa nyumbani, hata kama mjomba ni bingwa.

Mpelekeni Maweni, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, au kituo cha afya kilicho karibu wawape rufaa. Nendeni asubuhi. Mkifika semeni ukweli wote: anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, amekunywa mara ya mwisho saa ngapi, amewahi kuanguka kifafa. Hilo la kifafa litajeni dirishani kabisa, msisubiri kuulizwa. Watampima malaria, sukari na mapigo ya moyo, watamwambia anyooshe mikono mbele waone inavyotetemeka. Dawa inayotumika sana ni diazepamu. Inashika nafasi ya pombe kwenye ubongo kwa muda, kisha dozi inapunguzwa siku hadi siku, mara nyingi ndani ya wiki moja, mpaka inaisha. Atachomwa pia vitamini B1. Msiidharau ile sindano. Mlevi wa miaka mingi hiyo vitamini imemwishia mwilini, na akiwekewa dripu ya sukari kabla hajaipata, ubongo unaweza kuumia moja kwa moja: macho yanacheza, anayumba akitembea, kumbukumbu inapotea. Ndiyo maana mtu anayekunywa hivyo hawekewi dripu na jirani mwenye sindano zake mtaani.

Na hiyo diazepamu msikimbilie kuinunua duka la dawa mumpe wenyewe. Ikikutana na gongo tumboni, mtu analala na pumzi inaweza kukata. Wodini tunampa huku tunamwangalia, tena tunahesabu pumzi.

Kuhusu kuogopa serikali: ni kweli sheria inakataza gongo. Lakini nesi hana pingu, mdogo wangu. Anakuuliza kiasi ili apange dozi. Familia ikisema “anakunywa kidogo tu, wakati wa sherehe” ili kuficha aibu, dozi inapangwa ya mtu wa sherehe, na usiku wa pili kitanda hakimtoshi.

Kuna jambo moja najua litakukera. Usiku wa kuamkia safari ya hospitali, msimnyang'anye kile kidogo anachokunywa. Nyumba yako ni ya swala, nalielewa, na mimi siandiki fatwa. Kama linakuwia zito, basi msipange safari ya wiki ijayo, mpelekeni kesho asubuhi. Ila kumkatia pombe leo ili “afike msafi” ndiko kunakoletea watu kifafa ndani ya daladala. Akianguka tena kabla hamjafika, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, ondoeni vitu vigumu karibu naye, na safari iendelee.

Ulichouliza hasa, asirudie, hakina idadi ya siku. Wiki ya wodini inamtoa akiwa hai na akili yake ikiwa kichwani. Kuacha pombe kunaanza anapotoka getini, na hiyo ni kazi ya miezi. Nitaigusia kwenye barua ya mwisho.

Wengine msije mkajaza wodi bure. Anayekunywa bia mbili Jumamosi akiamua kuacha, aache tu. Maswali ni haya: asubuhi mikono inatetemeka? Inatulia akishazimua? Amewahi kuanguka au kuona vitu siku alipokosa pombe? Jibu likiwa ndiyo, hata kwa moja tu, aanzie hospitali.

Shikamoo Shangazi. Nilikuwa Dar miaka kadhaa, nilianza unga, yaani heroini, kwa kuvuta, baadaye nikawa najidunga. Nimekuja kwa treni mpaka kwa bibi yangu Mwandiga ili nikae mbali na maskani. Arosto, yale mateso ya kukosa unga, imenipiga vibaya lakini sasa imetulia, imebaki kukosa usingizi na mwili kuuma. Nauliza: je, bado nahitaji methadoni? Na kaka yangu wa hapa anakunywa gongo, naye inaweza kumsaidia? Mwezi ujao nimealikwa harusi Dar, najisikia niko imara.
*Mjukuu wa Bibi*

Marahaba, mjukuu. Nianze na harusi kwa sababu ndiyo yenye hatari. Mwili wako ulikuwa umezoea kiasi kikubwa cha heroini. Ukikaa wiki chache bila kitu, mazoea yale yanaondoka, lakini kichwa chako kinakumbuka kipimo kilekile. Mtu akirudi maskani mara moja tu, “kusalimia,” akachukua kete aliyokuwa akichukua zamani, pumzi inakata. Mateja wengi hawauawi na arosto. Wanakufa baada ya arosto kwisha, wanapotoka jela, wanapotoka sober house (nyumba ya kuachia dawa), wanapotoka kijijini kwa bibi. Harusi watapiga video, utaiona.

Arosto ya unga ni mateso, uliyapata: kuhara, kutapika, mafua yasiyo mafua, mifupa kuuma, miguu kurusha usiku. Huanza saa 8 hadi 12 hivi baada ya kete ya mwisho, siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya, ndani ya wiki moja na ushee inalegea. Kwa mtu mzima mwenye afya, anayekunywa maji, mara chache inaua. Hapo ndipo inapotofautiana na gongo, na ndipo watu wanapochanganya mambo: mtu ameona teja kafungiwa chumbani akapona, anadhani na mlevi atapona hivyohivyo.

Methadoni bado inakuhusu. Si dawa ya arosto peke yake. Kazi yake kubwa ni kukata ile hamu miezi na miaka inayofuata. Unakunywa mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu, inakaa mwilini mchana kutwa na usiku wake, humalizi siku unatafuta kete. Bara ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikaja Mwananyamala na Temeke, baadaye mikoani: Mbeya, Mwanza, Dodoma. Kile kituo cha Itega, Dodoma, ulikipita na treni yako. Anza kwa kuonana na watu wa afya ya akili Maweni, wakueleze utaratibu wa kuandikishwa, maana inahitaji kufika kituoni kila siku na lazima ujue utalala wapi. Namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni ya bure, iulize pia. Na kwa kuwa ulijidunga, pima VVU na homa ya ini, B na C. Hilo usimwachie bibi aulize.

Kaka yako haimsaidii. Methadoni ni ya heroini na jamaa zake. Ukimgawia mnywa gongo, vyote viwili vinabana pumzi, utamzika. Msomee jibu la Mama Wasiwasi hapo juu.

Shangazi, kuna mzee sokoni anauza unga wa mizizi, ukimwekea mlevi kwenye chai bila kujua, akinywa pombe anatapika mpaka anaichukia. Mume wangu amenichosha. Nimwekee?
*Mke Aliyechoka, Gungu*

Usimwekee, mwanangu. Ipo dawa halali yenye mchezo huo, inaitwa disulfiramu, na kazi yake hiyo dhidi ya pombe iligunduliwa Denmark miaka ya 1940. Mtu akiinywa kisha akaonja pombe, uso unawaka, moyo unakwenda mbio, anatapika, presha inaweza kushuka akaanguka. Wengine wamekufa. Kwa hiyo hupewa mtu aliyekubali mwenyewe, aliyeshaacha pombe, aliyepimwa moyo na ini, na anayejua kwamba hata wiki moja baada ya kuiacha bado iko mwilini. Hiyo ndiyo yenye kipimo. Ya mzee wa sokoni haina kipimo wala jina, na mumeo akianguka, daktari atauliza amekula nini na wewe utanyamaza.

Uchovu wako ni wa kweli, na sijauona ukijibiwa na mtu. Njoo kliniki hata bila yeye. Wake huwa wanadhani mlango ule ni wa walevi tu.

Shikamoo Shangazi. Nililazwa, nikatibiwa, sasa nina miezi mitano sijagusa gongo. Nataka kurudi ziwani, ndiyo kazi ninayoijua. Wenzangu wanasema bila kitu cha kupasha mwili baridi itaniua. Pia miguu inawaka moto usiku. Na nadaiwa na mama mmoja wa gongo pale mwaloni tunaposhusha dagaa, naona aibu kupita.
*Mvuvi wa Kibirizi*

Marahaba, baba. Hongera.

Tuanze na miguu. Miguu kuwaka moto na ganzi kwa mtu aliyekunywa miaka mingi mara nyingi ni mishipa ya fahamu iliyokosa vitamini za kundi B. Nenda upimwe, na sukari ipimwe hapohapo kwa sababu nayo huleta hivyo. Utapewa vidonge, lakini kula pia: maharage yetu haya, karanga, unga usiokobolewa sana. Inachukua miezi, usikate tamaa wiki ya pili.

Baridi. Gongo haipashi mwili. Inafungua mishipa ya ngozini, damu ya moto inakuja juu, wewe unasikia joto na upepo wa ziwa unalichukua. Aliyelewa anapoa haraka kuliko asiyekunywa. Wenzako hawasemi uongo, wanasema wanachokisikia. Chukua koti zito na chupa ya chai ya tangawizi yenye sukari. Watakucheka safari mbili tatu, kisha utaona chupa inazunguka mtumbwi mzima.

Baridi hainipi hofu sana. Ninachokiogopa ni alfajiri. Dagaa wameshushwa, tajiri mwenye chombo anagawa hela, mwili umechoka, na wauza gongo wamekaa palepale hatua chache toka ngalawani. Kila mvuvi niliyemwona akirudia alirudia saa hiyo. Usiku kule majini hakuna anayemkumbuka. Kwa hiyo zungumza na tajiri wako kabla hujapanda: mgao wako uingie kwenye simu ya mkeo, au ya dada yako kama mke hayupo. Matajiri wengi watakubali, mvuvi asiyeanguka majini ni faida kwao. Mtu wa nyumbani akupokee mwaloni, mwende moja kwa moja mkale. Na mbalamwezi ikija, usikae bure. Tafuta kibarua cha kushona nyavu, nenda shamba, chochote chenye saa ya kuamka. Siku zile hamu inarudi ikiwa na hadithi nzuri sana.

Tafuta na mwenzako mmoja aliyeacha. Mmoja anatosha kuanzia. Ile jumuiya ya walevi walioacha iliyoenea dunia nzima, Alcoholics Anonymous, ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, kwa watu wawili tu, Bill Wilson dalali wa hisa na Bob Smith daktari wa upasuaji, wote wanywaji waliokubuhu. Waligundua kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake anayejaribu kuacha, jioni ile inapita. Ninyi mnaweza kukaa chini ya mwembe wowote Kibirizi. Ukiteleza siku moja, usijifungie ndani kwa aibu mpaka iwe mwezi. Njoo kliniki kesho yake. Na kama utakuwa umeshakunywa siku nyingi mfululizo, usijikatie mwenyewe ghafla, unajua tena.

Deni lilipe, kwa sababu nawe ukilikwepa utakuwa unakwepa mwalo mzima. Ila mtume mtu alipeleke.